Simu haikatiki, barua inaenda kwa mfanyakazi

Tangu kompanyi moja ya hapa Kolwezi ilipoingiza simu za intaneti katika mgodi, barua za kujieleza zinanyesha juu ya watu wa posti ya usiku. Wanaandikiwa kwamba wameacha simu wazi, linye ya lupitali imebaki okipe saa nzima. Sisi wa sendika tumesoma hizo barua, tumeuliza watu, na tunasema: kombine iliwekwa chini vizuri. Ni mashini ndiyo haikukata.

Simu ya zamani iko na nyuzi mbili. Ukirudisha kombine, moto unakatika kwenye nyuzi na santrali inajua mara moja kama mazungumzo yamekwisha. Simu ya intaneti yenyewe inatuma ujumbe mdogo, jina lake BYE, sawa vile kusema "mimi naenda", kisha inangojea jibu. Jibu lisipokuja inarudilia kwa sekunde 32 hivi, halafu inaacha. Kama ruteri imefunga njia, ujumbe unapotea, na upande wa pili unaendelea kuamini kama mtu angali pale.

Pabaya zaidi ni kile kisanduku kinachounganisha intaneti na nyuzi za zamani zinazoshuka karieri. Hicho kinangojea kusikia tuu-tuu-tuu, ile sauti inayokuja mwenzako akikata, ndipo kinafunga linye. Lakini mara nyingi kinatoka kiwandani na sauti za nchi ingine. Marekani tuu-tuu ni sauti mbili pamoja, 480 na 620 hertz. Ufaransa ni moja tu, 440. Kikiachwa hivyo, tuu-tuu ya hapa kwetu ni kelele tu kwake. Linye inabaki wazi mpaka mtu aende kung'oa waya wa moto. Na saa nane ya usiku, nani ataenda?

Usiku mmoja mwenzetu alibanwa vidole na mkanda wa mashini. Walipiga lupitali mara sita: okipe. Wakamtia katika pikapu, muuguzi hajui kitu. Alifika, Mungu asifiwe. Kesho yake nani alipata barua? Yule aliyepiga simu ya mwisho mbele ya ajali.

Kazi ya kutengeneza si kubwa. Teknisye arekodi tuu-tuu ya santrali yetu, aandike hertz na vipimo vyake ndani ya kisanduku. Aulize kama santrali inaweza kugeuza moto wa nyuzi mtu anapokata. Alama hiyo ni ya uhakika kuliko sauti. Katika ruteri azime kile kinachoitwa SIP ALG, ambacho kazi yake ni kusaidia simu na mara nyingi kinaziharibu. Tena kuna saa ndani ya simu hizi, ya kuhakikisha kama mazungumzo yangali yanaendelea. Kwa desturi inawekwa sekunde 1800, maana nusu saa. Kwa biro ya mishahara nusu saa si kitu. Kwa lupitali, ni damu ya mtu. Inaweza kushushwa mpaka sekunde 90.

Ndugu wafanyakazi, musisaini kukubali kosa. Andikeni saa muliyopiga, namba, na nani alikuwa karibu, kisha mulete kwa delege. Mashini inaandika kila simu ndani yake, saa ya kuanza na saa ya kufunga: kompanyi ionyeshe karatasi hizo mbele ya kuandikia mtu barua. Kodi ya kazi ya 2002 inataka komite ya usalama kazini. Jambo hili liingie katika kikao chake, si katika dosie ya mtu mmoja mmoja.

Na redio ya lupitali, iliyoondolewa juu simu mpya imefika, irudishwe wiki hii.