Wafungulieni Wasanii Milango ya Maabara

Kwa wakuu wa vyuo vikuu, wakurugenzi wa makumbusho, na ninyi mnaopitisha maandiko ya miradi ya TEHAMA Afrika Mashariki

Waheshimiwa,

YAH: KUITAMBUA SANAA SHIRIKISHI KUWA UTAFITI

Mwanafunzi wa sanaa akitengeneza picha inayobadilika kadiri mtazamaji anavyoisogelea, huambiwa aipeleke kwenye maonyesho. Mwanafunzi wa kompyuta akileta kazi hiyohiyo kama tasnifu, huulizwa hojaji iko wapi, sampuli ni watu wangapi, na kazi ya mtumiaji imerahisishwa kwa asilimia ngapi. Matokeo yake kazi za namna hii hazitengenezwi, au hutengenezwa usiku kwa kuibia muda. Nawaomba mzipe nafasi rasmi, kwa kuwa baadhi ya mambo ya msingi tunayofundisha kuhusu mwingiliano wa binadamu na kompyuta yaligunduliwa na watu waliokuwa wakiandaa maonyesho.

Mtazameni Myron Krueger wa Marekani. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliunganisha ukumbi wa sanaa na kompyuta iliyokuwa jengo jingine, umbali wa kama maili moja. Mitambo ikagoma. Yeye na mwenzake, kila mmoja upande wake, wakawa wanaelekezana kwa vidole huku picha za mikono yao zikichanganywa kwenye skrini moja. Picha ya mkono wa Krueger ilipopita juu ya picha ya mkono wa mwenzake, yule bwana akaurudisha mkono wake upesi, kama mtu aliyeguswa. Krueger akang'amua kwamba mtu huilinda picha ya mwili wake kama anavyoulinda mwili wenyewe. Hapo ndipo lilipotoka wazo la Videoplace, kazi aliyoiendeleza tangu katikati ya miaka ya 1970: unasimama mbele ya kamera, kivuli chako kinatokea kwenye skrini kubwa, unachora hewani kwa kidole, na kijidude kidogo kinakupanda hadi utosini na kucheza. Huvai kofia ya mitambo wala glavu. Mwaka 1990 kazi hiyo ilipata Golden Nica ya sanaa shirikishi kwenye tuzo za Ars Electronica, mjini Linz, Austria. Leo mtoto akikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili tu, naye bila kuvaa chochote, haoni ajabu yoyote.

Huko Kanada, David Rokeby alitumia miaka ya 1980 kuijenga Very Nervous System. Kamera hutazama mwili ukisogea, kompyuta ikageuza mwendo kuwa sauti, na sauti ikausukuma mwili tena, hata usijue nani ameanza. Yeyote aliyemwona mpiga ngoma akifuata miguu ya mchezaji, na mchezaji akifuata mkono wa mpigaji, anaifahamu hali hiyo. Bagamoyo, pale kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa), wapo watu walioisomea kwa viungo vyao. Hao ndio ningependa kuwaona katika maabara zetu, wakiwa watafiti wenza wanaolipwa, si watumbuizaji wa siku ya ufunguzi.

Kikundi cha wasanii wa Uingereza, Blast Theory, kilishirikiana na Mixed Reality Lab ya Chuo Kikuu cha Nottingham kutengeneza mchezo wa Can You See Me Now?, uliochezwa kwanza Sheffield mwaka 2001. Wachezaji wa kwenye intaneti walikimbia ndani ya ramani ya mji, nao wasanii wakawafukuza kwa miguu katika mitaa halisi, kompyuta ndogo yenye GPS mkononi. GPS hukosea kwa mita kadhaa, na katikati ya majengo marefu mawimbi hupotea. Wasanii waliokuwa wakikimbia mitaani walizizoea sehemu hizo, wakazitumia kuvizia. Watafiti waliowafuatilia wakajifunza kwamba mbunifu anaweza kumwonyesha mtumiaji pale ambapo mtambo hauna uhakika, badala ya kumficha. Abiria anayesubiri bodaboda huku alama ya dereva ikirukaruka kutoka barabara hii hadi ile anaujua uzito wa somo hilo.

Mtauliza kazi ya sanaa itapimwaje. Swali ni la haki, na limeshashughulikiwa. Mwaka 2003 Kristina Höök, Phoebe Sengers na Gerd Andersson walichapisha tathmini yao ya Influencing Machine, kazi ambayo mtu hutumbukiza postikadi kwenye sanduku la mbao na mashine ikajibu kwa michoro kama ya mtoto mdogo. Hawakuhesabu kasi wala makosa; waliwasikiliza watu wakieleza wanachodhani mashine inafanya, na kwa nini.

Kielelezo cha utaratibu mnacho Sydney. Kuanzia 2004, Makumbusho ya Powerhouse na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney waliendesha Beta_space, mahali ambapo wageni walijaribu kazi zisizokamilika mbele ya waliozitengeneza. Watafiti hata sisi tunao: mkutano wa kwanza wa AfriCHI, unaowakutanisha watafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta barani Afrika, ulifanyika Nairobi mwaka 2016.

Naomba, basi, chumba kimoja cha namna hiyo katika Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Dar es Salaam, na kingine Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Viwe wazi siku ambazo mabasi ya shule huleta wanafunzi, kwa sababu watoto hugusa kila kitu bila kungoja maelekezo. Kanuni za tasnifu ziikubali kazi yenyewe pamoja na maelezo yake ya maandishi, na miongoni mwa watahini awepo msanii. Bajeti iwe na malipo ya msanii na ya fundi, maana taa za projekta huungua na programu huchakaa. Kazi isiyo na fundi hufa ndani ya miezi michache. Naomba pia nipate majibu yenu kabla bajeti za mwaka wa fedha ujao hazijapitishwa.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa usanifu wa programu