King'ora Hakishiki Nafasi ya Uzio

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 3 Januari 2003 iliwataka wenye mabwawa ya kuogelea ya nyumbani, yaliyochimbwa ardhini, kuyawekea kinga dhidi ya ajali za kuzama. Mabwawa mapya yalianza kubanwa na sheria hiyo mwaka 2004, na yale ya zamani mwaka 2006. Mwenye bwawa alipewa hiari ya kuchagua kinga moja kati ya nne: uzio, kifuniko, banda la kufunika bwawa zima, au king'ora. Nia ya sheria hiyo ni njema na yastahili sifa. Hata hivyo, kuziweka kinga hizo nne katika daraja moja ni jambo lisilokubaliana na sayansi. Tatu za kwanza humzuia mtoto asiyafikie maji. Ya nne hutoa habari kwamba ameyafikia, au kwamba yu karibu kuyafikia.

Tofauti hiyo hupimwa kwa sekunde. Mtoto mdogo anapozama, aghalabu hapigi kelele wala hapungi mikono, maana kinywa chake kimo majini na kule kutafuta pumzi hakumwachii nafasi ya kuita. Ubongo ukikosa oksijeni kwa muda wa dakika 4 hadi 6 waweza kupata madhara yasiyoponyeka. Katika muda huo mfupi king'ora hakina budi kulitambua tukio, kulia, na kusikika; kisha mtu mzima aache shughuli yake, atoke nje, amwone mtoto, amtoe majini na kuanza kumpa pumzi. Kila hatua hula sehemu ya muda uliopo. Uzio uliofungwa vema haudai mbio hizo, kwa kuwa mtoto hubaki upande wa pili.

Ugumu wa kulitambua tukio lenyewe waweza kuonyeshwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaiweza. Bwawa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4 lina uso wa mita za mraba 32. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye uzito wa kilo 9 akizama huondosha maji yapatayo lita 9, kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes. Lita hizo zikitandazwa juu ya uso wote, maji hupanda kwa milimita 0.28 tu. Upepo wa kawaida huyatikisa maji kupita kiasi hicho. Kwa hiyo king'ora hakiwezi kutegemea kupanda kwa maji. Hutegemea mawimbi yanayozaliwa na kishindo cha mwili unapoanguka.

Ving'ora hutofautiana kwa namna vinavyoyapokea mawimbi hayo. Kipo kinachoelea juu na kupima msukosuko wa uso. Kipo chenye kihisi ndani ya maji, ambacho hupima mabadiliko ya shinikizo mahali ambapo vijiwimbi vya upepo vimekwisha kufifia. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2000 na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa yalionyesha kwamba vya aina hii ya pili, kwa jumla, hufanya kazi vizuri zaidi na havilii ovyo kama vile vinavyoelea. Ipo pia aina inayozungusha miale isiyoonekana kando ya bwawa, nayo hulia mtu akiikata. Hiyo humwahi mtoto kabla hajaanguka, lakini paka na mbwa nao huikata miale hiyo. Mwisho ni bangili inayolia ikilowa. Hiyo humlinda mtoto aliyevikwa tu, na mtoto wa jirani aliyekuja kucheza hana bangili.

Kila kihisi kina kiwango chake cha kuamkia, na hapo ndipo penye mashaka makubwa. Kikiwekwa chini mno, king'ora hulia kwa upepo na mvua, na wenye nyumba, wakisha kuchoka na makelele, hukizima. Kikiwekwa juu mno, mtoto anayeteremka taratibu kwa ngazi za bwawa, pasipo kishindo, aweza kuzama kimya. Ufaransa yenyewe ililazimika kuyakaza masharti ya ving'ora kwa amri ya mwaka 2009.

Hata king'ora kilichotambua sawasawa hakina budi kusikika. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Mlio wa desibeli 85 kwa umbali wa mita 3 huwa 79 kwa mita 6, na 73 kwa mita 12, kabla haujakutana na ukuta, dirisha lililofungwa, redio au jenereta. Basi king'ora kisicho na kipokezi cha kulia ndani ya nyumba hakifai kununuliwa.

Wanaokipendelea king'ora husema kwamba uzio ni ghali na huharibu sura ya bustani. Hoja hiyo ina ukweli wake, bali gharama ya uzio hulipwa mara moja. King'ora hudai betri, ukaguzi, na mtu aliye macho kila siku ya uhai wake.

Katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ambako mabwawa ya nyumbani yapo, hoja nyingine husikika: kwamba kiwanja kimekwisha kuzungushiwa ukuta mrefu, na mlinzi yupo langoni. Ukuta huo humzuia mtoto wa nje. Mtoto wa nyumba hiyo yumo ndani ya ukuta, pamoja na bwawa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kama Australia umeonyesha kwamba uzio unaolitenga bwawa na nyumba, pande zote nne, huokoa zaidi kuliko ule unaozunguka kiwanja tu. Yapasa uwe na kimo kisichopungua mita 1.2, pasiwe na kitu cha kukwelea karibu yake, na lango lake lijifunge lenyewe kwa komeo asilolifikia mtoto.

Uzio huo ukisha kuwapo, king'ora kina kazi ya maana: kutoa habari siku ambayo lango limeachwa wazi. Kichaguliwe chenye kihisi ndani ya maji, kinachojiwasha chenyewe waogeleaji wakisha kutoka, na chenye kipokezi cha ndani. Kabla ya kukitegemea, wenye nyumba watumbukize majini mzigo wenye uzito wa mtoto mdogo, kwanza kwa kishindo, kisha taratibu kwenye ngazi, na kuhesabu kwa saa sekunde zinazopita hadi mtu aliyeko jikoni afike ukingoni. Jaribio hilo halina gharama, na mwanafunzi wa fizikia aweza kulisimamia nyumbani mbele ya wazazi wake.