Nyama Isiyochinjwa

Agosti 2013, mjini London, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha watu baga iliyokuzwa maabarani kwa seli za ng'ombe. Gharama yake ilikadiriwa kuwa euro 250,000, na mmoja wa walioionja alisema kuwa mafuta yamepungua. Tangu hapo watetezi wake wamehubiri nyama isiyo na machinjo. Lakini baga ile ilikuzwa kwa seramu ya damu ya vijusi vya ndama, na damu hiyo haichumwi mitini. Mlaji asiyeambiwa jambo hilo hawezi kusemwa kuwa amekubali.

Italia nayo ilifanya nini? Novemba 2023 ilipiga marufuku kuitengeneza na kuiuza, kwa faini ifikayo euro 60,000. Hunenwa kuwa watu hawaitaki. Kama hawaitaki itaoza dukani, na muuzaji atapata hasara yake bila ya askari. Sheria hiyo yamwogopa mlaji atakayeikubali. Imevaa joho la afya, na ndani yake mna hofu ya mfugaji, hofu ya haki kabisa, ambayo ingalisikilizwa kama ingalitajwa kwa jina lake. Singapore iliruhusu iuzwe Desemba 2020. Aliyeitaka aliinunua, na asiyeitaka akapita.