Boti Uani: Nenda Mkutanoni Kabla ya Faini

Vijana wa vizimba, huku vijiji vya kando ya Ziwa Victoria swali ni moja siku hizi: boti kulala nyumbani ni kosa? Majirani wanalalamika, wengine wanataka kijiji kitunge sheria ndogo boti zote zibaki mwaloni. Mimi naona kupiga marufuku moja kwa moja si sawa. Na wewe unayesema "kiwanja changu, nafanya nitakavyo", hauko sawa pia.

Boti zinaletwa nyumbani kwa sababu ya wizi. Ukiacha injini mwaloni bila mlinzi, asubuhi unaweza kukuta kamba tu. Kujenga stoo ufukweni nako huwezi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa kijana akikatazwa nyumbani na ufukweni pia, aiweke wapi?

Ila jirani naye ana hoja. Madumu ya petroli karibu na jiko la mkaa ni hatari kwa nyumba zote. Boti iliyoachwa wazi inajaa maji ya mvua, mbu wanazaliana. Ikiziba njia, mgonjwa anapitishwa wapi usiku?

Kwa hiyo sheria ndogo nzuri itenganishe vitu vitatu:

1. Boti: iruhusiwe uani, ipinduliwe juu ya magogo, isizibe njia. Ya mbao iwekwe kivulini. Ikikaa sana juani mbao zinasinyaa, kalafati inaachia, ukiishusha majini inavuja.

2. Injini: ivuliwe na kufungiwa stoo.

3. Petroli: isilale kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Nunua ya safari, basi.

Juu ya hapo, kijiji kitenge eneo la pamoja nje ya zile mita 60, wenye boti tuchangie mlinzi. Faini bila eneo mbadala haitaondoa boti majumbani, itazificha tu.

Haya yote yanaamuliwa na watu. Kwa Sheria Namba 7 ya 1982, sheria ndogo inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, inajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Shida ni kwamba siku ya mkutano nyie wote mko ziwani mnalisha samaki. Wanaoongea ni wasio na boti. Faini ikishapita ndo simu zinaanza: "Afisa, tusaidie."

Pangeni zamu. Wawili walishe, wengine waende mkutanoni na mapendekezo yaliyoandikwa, na wahakikishe yameingia kwenye muhtasari. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.