Sikio likifa halisikii dawa

Kila mwaka, Februari, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Zanzibar, hujaa watu waliokuja kwenye tamasha la Sauti za Busara. Tangu mwaka 2004, wanamuziki wa Afrika wamekuwa wakipiga hapo mubashara, chini ya anga wazi, na hayati Bi Kidude alipanda jukwaa hilo akiwa ajuza. Baba, mama na watoto huenda pamoja, na mimi kama daktari nasema nendeni. Muziki huondoa mawazo na kucheza ni mazoezi. Lakini kabla hujamnyanyua mwanao mabegani ili aone jukwaa vizuri, tuzungumze kuhusu masikio yake.

Wazazi wengi huamini kwamba muziki wa nje hauna madhara kwa kuwa hakuna paa, sauti inapotea hewani. Ni kweli kwamba mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Lakini aliyesimama mbele ya spika haokolewi na ukosefu wa paa. Na uwanja ukiwa umezungukwa na kuta ndefu, sehemu ya sauti hugonga ukuta na kurudi.

Ndani ya kila sikio tunazaliwa na seli za kusikia takriban 15,000, zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mpunga. Mara nyingine huinuka tena. Zikichoshwa kupita kiasi, seli hufa, na kwa binadamu hazioti upya. Hakuna kidonge wala upasuaji wa kuzirudisha. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, lakini ni ghali na havirejeshi usikivu wa asili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Ikifika 100, kiwango cha kawaida karibu na jukwaa, ni dakika 20 tu. Kwa mtoto, saa 40 huhesabiwa kwa desibeli 75, kwa hiyo muda wake ni mfupi zaidi.

Ufanye nini, mzazi? Kwanza, kaeni nyuma, mbali na spika. Pili, mtafutie mtoto kinga ya masikio inayofunika sikio lote, inayovaliwa kichwani kama hedifoni. Mtoto mdogo asipewe vile viziba vidogo vya sponji, maana anaweza kuvimeza au vikampalia. Mkubwa anayevitumia akisokote kiziba kiwe chembamba, avute sikio juu na nyuma, akiingize, kisha akishikilie hadi kivimbe. Pamba haisaidii sana. Tatu, kila baada ya muda tokeni nje mahali palipotulia, masikio yapumzike. Kichanga ni afadhali abaki nyumbani na bibi yake.

Kuna kipimo rahisi kisicho na gharama. Ikiwa inakulazimu kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi hapo pana kelele za kudhuru. Ondokeni.

Mkirudi nyumbani mtoto akasema masikio yanalia kengele au yameziba, usipuuze. Hiyo ni dalili kwamba seli zimeumia, hata kama hali itatulia kesho. Ikipita siku mbili bado ipo, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio likiacha kusikia ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimimine mafuta wala maji ya kitunguu.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Mwaka 2022, WHO ilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha yote: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, sauti ipimwe muda wote, viziba masikio vipatikane, na liwepo eneo tulivu la kupumzikia. Hayo hayaui muziki. Halmashauri zinazotoa vibali vya burudani ziyadai kwa kila mwandaaji, mkubwa kwa mdogo, na pia kwa ngoma za mtaani na harusi zenye spika hadi usiku wa manane, maana huko ndiko watoto wetu wengi wanakoumia masikio.

Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mtukutu darasani, huchelewa kuongea, huitwa mzito. Mara nyingi hana kosa. Unaponunua tiketi ya tamasha, weka kando pia fedha ya kinga ya masikio. Mtoto anayelindwa leo ataupenda muziki hadi uzeeni, na atausikia.