Trela Zinatumaliza, na Waandishi Tumo

Jumamosi iliyopita nililipa kiingilio, nikakaa, taa zikazimwa, na kabla nusu saa haijatimia nikagundua kwamba picha ile nilishaimaliza zamani. Nilichokuwa nimeona ni trela yake tu, dakika mbili na nusu, kwenye simu ya binamu yangu tukiwa tumebanana ndani ya daladala. Lakini kila kitu kilikuwemo: nani anamsaliti nani, gari linalotumbukia mtoni, hata yule mzee anayedhaniwa amekufa kumbe yu hai. Nikakaa saa mbili nangojea vipande nilivyokwisha kuvila. Jamani, huo ni uungwana?

Hebu tuanze na jina lenyewe. Tela, kama wanavyojua utingo wote, ni kile kinachovutwa nyuma ya lori. Na huko Marekani, miaka ya 1910, matangazo haya nayo yalikuja nyuma, picha kuu ikishakwisha, ndiyo maana yakaitwa hivyo. Leo tela limepita mbele, linaburuta lori, na mzigo wote umemwagika barabarani.

Mnaosema hakuna namna nyingine ya kutangaza picha, mtafuteni Alfred Hitchcock. Mwaka 1960 alipotaka kuitangaza Psycho hakukata vipande vya picha yake akavigawa kama pipi. Alitoka mwenyewe, na kitambi chake na suti yake, akatutembeza kwenye ile nyumba ya gesti kama mtu anayeongoza watalii. Hapa palitokea jambo baya. Hapa kwenye ngazi, ah, tusiseme. Anaanza sentensi anaiacha hewani. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga yowe, na hata huyo mwanamke si stelingi Janet Leigh, ni Vera Miles kavaa wigi! Dakika sita na ushei, na unatoka hujui chochote ila unataka kujua kila kitu. Kisha akaagiza kwamba picha ikianza, mtu yeyote asiruhusiwe kuingia. Huyo ndiye ninayemwita fundi.

Orson Welles naye. Mwaka 1941, kijana wa miaka 25 (wewe unayesoma hapa una mingapi?), anaitangaza Citizen Kane bila kuonyesha hata kipande kimoja cha picha yenyewe. Anatuletea waigizaji wake mmoja mmoja, anawataniatania, na yeye tunasikia sauti tu, sura hatuioni. Na Stanley Kubrick mwaka 1980, kwa The Shining: kamera imetulia, milango ya lifti, majina yanapanda, halafu damu. Basi. Kwaheri.

Sasa linganisheni na Terminator. Katika ile ya kwanza ya 1984, Arnold Schwarzenegger ndiye adui, kila mtoto anajua. Mwaka 1991 James Cameron akaleta ya pili, na ukiitazama vizuri utaona mwanzo wake umesukwa kama fumbo: wageni wawili wanatoka wakati ujao, wote wanamsaka mtoto mmoja, na huambiwi yupi kaja kuua mpaka wanapokutana uso kwa uso kwenye korido. Matangazo yakapayuka mapema: safari hii Arnold ni mwema! Karibu nusu saa ya fumbo ikatupwa jalalani.

Mshikaji wangu mmoja ananibishia kila siku kwamba watu ndivyo wanavyotaka. Ana mkubwa wa kumtegemea, maana Robert Zemeckis alipoulizwa kwa nini trela ya Cast Away (2000) inaonyesha Tom Hanks anatoka kisiwani na kurudi kwao, alijitetea hivyo hivyo. Akatoa mfano wa McDonald's, kwamba watu huenda kule kwa sababu hakuna la kuwashtua. Zemeckis namheshimu kwa Back to the Future, ila hapa aniwie radhi. Hoja ina uzito, sikatai. Bibi yangu alitusimulia visa vya sungura na fisi mara mia, mwisho tukiujua, na bado tuligombea kukaa karibu naye. Lakini bibi alitupa mwisho baada ya kutuzungusha. Alipoita "Paukwa!" hakuongeza "leo fisi atakatwa mkia."

Hata yule jamaa wa kibanda cha video mtaani kwetu aliyajua haya, na darasani hakufika mbali. Aliandika kwa chaki jina la picha, na chini yake: ADUI ANA MKONO MMOJA. Tulikuwa tunakwepa shule kwa maneno manne.

Sasa nawageukia nyie, waandishi wenzangu, na msinune. Hadithi ngapi tunasoma ambazo aya ya kwanza inatangaza kwamba Rehema alidanganywa na tajiri, akapata mimba, akajuta? Tumezilea akili zetu kwenye trela, tunaandika trela. Msiniambie Welles naye anaanza na kifo cha Kane. Anaanza nacho, ndiyo, lakini anatuachia neno moja alilotamka marehemu, na picha nzima inahangaika kulitafuta maana. Ametoa mwisho, akaficha sababu. Sisi tunatoa vyote viwili halafu tunaongeza funzo.

Na mimi nimo. Mwaka jana niliandika hadithi ya ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao huko Magomeni. Sentensi ya kwanza ikasema nyumba itaungua na nani ataiwasha. Nilijiona Kubrick. Dada yangu akasoma ukurasa mmoja, akaurudisha mezani, akaendelea kuchambua mchele.

"Mbona humalizi?"

"Si inaungua?"

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaifuta ile sentensi, na nyingine nne zilizoifuata, nikaanza pale dada mtu anapobisha hodi usiku akiwa na ufunguo ambao hautakiwi kuwa wake.

Anayetaka kunipinga na aandike, kurasa ziko wazi. Ila tafadhali, mwezi ujao kuna picha nyingine naingojea. Trela yake sijaiona. Ukikutana nami njiani, nyamaza.