NG'OMBE WA UNGA

Sisi wa Visiwani tunaujua Mkoa wa Singida kwa mambo machache. Tunaujua kwa kuku wake, ambao sifa yao imevuka bahari. Kwa vitunguu, kwa mafuta ya alizeti na kwa asali. Tunaujua pia, ingawa hatupendi sana kulitaja jambo hili magazetini, kwa wasichana wake wanaokuja mjini kufanya kazi katika nyumba zetu na kulea watoto wetu. Ni kwa ajili ya mmoja wa wasichana hao tumeona tuiandike tahariri ya leo.

Katika nyumba moja ya jirani zetu, mchana mmoja umeme ulikatika, televisheni ikazimika, na mtoto wa miaka minne akaanza kulia. Yaya wake, aliyetoka Wilaya ya Mkalama, alichukua donge la unga wa chapati lililokuwa limekwisha kukandwa akaumba ng'ombe: nundu, pembe, mkia na kiwele, vyote kwa muda usiozidi dakika tano. Kisha akamsogeza ng'ombe huyo juu ya meza hatua kwa hatua, akampeleka kunywa maji katika kisahani, akamwinamisha shingo, akamrudisha. Mtoto alinyamaza. Mama mwenye nyumba alipouliza ufundi huo ulipatikana wapi, jibu lilikuwa fupi: "Sikufundishwa, mama. Kwetu tunachunga tangu wadogo, na huko machungani tunafinyanga."

Wapo watakaoona kwamba hilo ni jambo la kitoto lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Tunawaomba wavumilie. Kazi aliyoifanya msichana yule juu ya meza ya jikoni, yaani kuumba kiumbe na kumsogeza kidogo kidogo mpaka macho yaamini kuwa anatembea, ni kazi ambayo katika nchi nyingine ina karakana zake, mafundi wake na mishahara yake. Mwaka 2000 studio ya Aardman ya mjini Bristol, Uingereza, ilitoa filamu iitwayo Chicken Run, ambayo wahusika wake ni kuku wanaotaka kutoroka bandani kabla hawajafanywa chakula. Kuku hao walikuwa wa plastisini na silikoni, wenye mifupa ya chuma ndani. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 220 katika majumba ya sinema ya dunia. Kuku wa Singida, ambaye ni kuku wa kweli na mtamu, bado anauzwa kando ya barabara kuu akiwa ndani ya tenga.

Yafaa tueleze kwa ufupi namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi hudhani kwamba filamu zote za vikaragosi huchorwa au hutoka katika kompyuta. Mwanasesere husimamishwa mbele ya kamera, ikapigwa picha moja. Kisha husogezwa kidogo, labda mkono tu au ukope, ikapigwa nyingine. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini mafundi wengi hupiga 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili, na jicho halioni kasoro. Filamu ya dakika kumi basi inataka picha 7,200. Kikundi kinachomaliza sekunde nne kwa siku, na hiyo si kasi ya wavivu, kitaimaliza kwa siku 150 za kazi. Tumezitaja hesabu hizi mapema ili asiwepo atakayetushutumu kwamba tumewaahidi vijana utajiri wa haraka.

Kiini cha mwanasesere ni kiunzi chake. Studio kubwa hutumia viungo vya chuma vinavyozunguka kama nyonga ya mtu, ila karakana ndogo husokota waya laini wa alumini, ikauzungushia sifongo au kitambaa, ikaweka udongo au raba juu yake. Miguu ina tundu chini ili ikazwe kwa parafujo kwenye ubao, kwa sababu mwanasesere akiyumba kwa unene wa ukucha tu, katika filamu ataonekana amerukwa na akili. Macho ni shanga zenye tundu dogo, na fundi huzizungusha kwa ncha ya sindano. Mwaka 1933, katika filamu ya King Kong, sokwe aliyewatisha watu duniani kote alikuwa na kimo cha kama sentimita 45 tu, akiwa na mifupa ya chuma, raba na manyoya ya sungura. Na mpaka leo mwenye jicho kali huyaona manyoya yale yakitikisika kila palipoguswa na vidole vya fundi.

Sasa tuutazame Mkoa wa Singida. Mtoto anayejua kutengeneza gari la waya, lenye usukani na magurudumu yanayopinda, amekwisha kujua nusu ya kazi ya kiunzi. Mfinyanzi anajua ni udongo upi unaopasuka na upi unaostahimili. Na mandhari ndogo, ambazo ndizo humeza muda na fedha nyingi katika kazi hii, zimelala pale chini zikisubiri kuokotwa. Nyumba ya tembe, kwa mfano, yenye paa bapa la miti na udongo, inaweza kujengwa kwa kimo cha sentimita 40 kwa vifaa vilevile vya nyumba yenyewe, na paa lake likanyanyuliwa kama kifuniko cha sufuria ili mkono wa fundi uingie. Udongo wa sakafu lazima uchekechwe, kwani punje ya kawaida mbele ya mwanasesere wa sentimita 25 huonekana kama jiwe la kuvunjia kokoto. Majabali ya Singida hayana haja ya kuigizwa, kwa kuwa kijiwe cha ukubwa wa ngumi, kikiwekwa mahali pake, ni jabali. Nyuzi za katani ni nyasi kavu za mwezi wa Septemba. Maji peke yake ndiyo hayakubali kupunguzwa, kwa sababu tone haliwi dogo kwa kuwa ziwa ni dogo. Hivyo Ziwa Singidani litengenezwe kwa kioo au nailoni, na heroe wasimame juu yake kwa miguu ya waya. Tukiri kwamba tulipofika hapa katika kuandika, tulitamani kuiona picha hiyo sisi wenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba wanasesere ni jambo la kigeni katika pande zile. Kaskazini-magharibi ya Singida, majirani zao Wasukuma walikuwa na desturi ya kuleta sanamu za mbao katika mashindano ya ngoma baina ya Wagika na Wagalu, na nyingine zilikuwa na mikono inayochezeshwa ili umati uvutike upande wa wenye sanamu. Anayetaka kuijua zaidi desturi hiyo na aende Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Mfano unaotugusa zaidi unatoka mbali kidogo. Moustapha Alassane alikuwa mtu wa Niger, nchi isiyo na bahari, kavu kuliko Singida na isiyo tajiri kuliko sisi. Baada ya filamu za kuchora, mwaka 1977 alitoa filamu ya wanasesere iitwayo Samba le Grand, na mwaka 2001 akatoa Kokoa, ambamo wanyama hupigana mieleka kama inavyopiganwa katika vijiji vya kwao. Aliishi na kufanya kazi Tahoua, mji wa mkoani, mpaka karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 2015. 

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki ufundi wa aina hii umekwisha kuonekana, ila mara nyingi umeonekana nyumbani kwa jirani. Mchoraji wa katuni Gado ni mzaliwa wa Dar es Salaam, lakini kipindi chake cha The XYZ Show, chenye wanasesere wa raba wanaowaiga wanasiasa, kilianzia Nairobi mwaka 2009. Jina la marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, lilisikika kwa watoto wa Uingereza kuanzia mwaka 2010 kwa filamu za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa kwa kompyuta mjini Nairobi kwa ushirikiano na Waingereza. Hatuwalaumu majirani, waliandaa chumba na meza, nasi hatukuandaa. Haki inatutaka tuseme pia kwamba Dar es Salaam imekwisha kuamka: vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza mwaka 2014, vinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na watoto wa Visiwani wanavipenda. Navyo ni kazi ya kompyuta. Kazi ya mkono bado haina mwenyewe.

Msomaji atauliza, na ana haki kuuliza, kama mkoa wenye vijiji vinavyohangaikia maji na mvua unahitaji wanasesere. Hatusemi senti moja itolewe kwenye kisima. Tunachosema ni kwamba msichana mwenye vidole vya namna ile, kama hakuona kazi nyingine kwao, atapanda basi kuja kuosha vyombo vyetu. Kuosha vyombo si aibu, na wengi wao wanatendewa wema. Lakini kila siku anakaa na mtoto wetu mbele ya televisheni, wote wawili wakitazama wanyama wa nchi za mbali wakisema lugha ambayo yeye haielewi na mtoto anaielewa nusu, hali yeye mwenyewe anao mkononi ng'ombe bora kuliko wale.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba wahusika. Mkondo wa amali ulioanza mwaka 2024 katika skuli za sekondari za Bara unahimiza kazi za mikono. Tungependa kuona skuli moja ya Singida, hata moja tu, inapewa chumba kisicho na madirisha mengi, kwa sababu jua husogea na vivuli husogea nalo, na filamu itayumbayumba kama taa ya chemni kwenye upepo. Taa ziwe za betri au za nguvu ya jua, kwani umeme unaopanda na kushuka huonekana katika kila picha. Meza ziwe nzito. Kamera inaweza kuwa simu ya kawaida iliyofungwa imara, na programu za kuunganisha picha zipo za bure. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, halitashindwa kumtoa fundi wa kuwaonyesha vijana namna ya kutoboa na kukaza viungo vya chuma.

Ndugu zetu wa Bodi ya Filamu nao tunawakumbusha kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka mtengenezaji wa filamu awe na kibali. Sheria hiyo ina maana yake. Lakini mwalimu anayepiga picha za ng'ombe wa udongo juu ya meza ya darasa asisumbuliwe sawa na kampuni inayofunga barabara. Barua moja ya mwongozo kwa Maofisa Utamaduni wa wilaya ingetosha.

Na sisi wa Visiwani tusikae pembeni tukitazama. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1974, tena kwa rangi, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likikusanya wageni Ngome Kongwe tangu mwaka 1998. Dakika kumi katika kila kimojawapo si mzigo. Mafundi wetu wa kuchonga milango wanaweza kutoa milango midogo yenye njumu ambayo hakuna kiwanda kitakachoweza kuiiga, na vipande vya kanga vinavyobaki kwa mafundi cherehani vinatosha kuvisha kijiji kizima cha wanasesere, mradi michoro yake iwe midogo. Lakini kazi yenyewe na ifanyike Singida. Hewa yetu ya chumvi huila waya kwa kutu. Kule udongo mbichi utakauka upesi na kupasuka, hilo tunalijua, na dawa yake ni kitambaa chenye maji na mkono usiochoka. Mchwa na panya wako pande zote mbili za bahari, na gundi ya unga wa ngano ni karamu yao; mandhari zihifadhiwe juu, ndani ya makasha, tena mbali na moto. Aardman wenyewe, kwa utajiri wao wote, waliunguliwa na ghala mjini Bristol mwezi Oktoba mwaka 2005, na kazi za miaka mingi zikateketea kwa siku moja.

Ng'ombe wa unga tuliyemtaja hapo mwanzo aliwekwa dirishani akauke. Asubuhi ya pili alikuwa amepasuka mgongo na sisimizi walikuwa wamekwisha kula pembe moja. Mtoto alidai atengenezewe mwingine, na safari hii alitaka awe na ndama. Tunaambiwa yaya alimjibu kwamba unga ni wa chapati, ila akienda kwao mwisho wa mwaka atarudi na udongo wa kwao ndani ya mfuko. Iwapo skuli yoyote ya Singida itamtangulia, na ikatuletea hata picha ya kwanza kati ya zile 7,200, tutaichapisha katika ukurasa huu.